Ujira wa Fundi na Bei ya Kioo

Katika lawama zinazotolewa kila siku mjini Dar es Salaam, ndani ya daladala, vibarazani na kwenye foleni za benki, ipo moja iliyozoeleka kiasi kwamba hakuna tena anayeona haja ya kuithibitisha, nayo ni ile isemayo kuwa mafundi simu wa Kariakoo ni wanyang'anyi waliokosa mapanga tu. Mtu ameshuka kituo cha mwendokasi, simu ikamponyoka, ikaanguka kifudifudi juu ya zege, naye alipoiinua akakuta kioo kimepasuka pembe hadi pembe. Akaipeleka kwa fundi, akaambiwa shilingi 120,000. Na kwa kuwa simu yenyewe aliinunua kwa shilingi 350,000, tena haijatimiza mwaka, akarudi nyumbani na ghadhabu, akamlaani fundi, na ukoo wa fundi, na mtaa wa fundi. Nawaomba radhi wote waliolaani, kwani nakusudia kumtetea fundi huyo katika shtaka aliloshtakiwa. Na nikiisha kumtetea, nimshtaki kwa shtaka jingine, ambalo naliona zito zaidi na ambalo wateja wake ni nadra kulitaja.

Hesabu ya hizo shilingi 120,000 si ngumu kwa mtu aliyekubali kuketi nusu saa kando ya meza ya fundi badala ya kusimama akinuna. Fundi mwenyewe hana kioo. Mali yake ni meza, taa, bisibisi na maarifa ya vidole vyake. Kioo humtuma kijana akakichukue duka la spea lililo uchochoro wa pili, ambako mwenye duka amekinunua kwa mwagizaji, na mwagizaji amekitoa Guangzhou au Shenzhen, akakilipia nauli, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani. Ikiwa mteja aliletwa na winga, yaani mmoja wa vijana wale wanaosimama njia panda wakimwita kila mpita njia "bosi", basi winga naye ana haki yake, na haki hiyo hailipwi na malaika. Mwenye fremu anadai kodi ya meza, umeme wa LUKU hauna subira, na kijana aliyetumwa kioo sharti ale. Baada ya wote hao kuchukua chao, kinachobaki mkononi mwa fundi aghalabu ni fungu dogo mno, na hilo ndilo fungu ambalo mteja hulipigania kwa nguvu zake zote, kwa sababu ndilo pekee analoliona likipokewa na mtu aliye mbele ya macho yake.

Wala uwiano huu wa bei ya kioo na bei ya simu haukuzuliwa Kariakoo. Simu ya iPhone 15, iliyotoka Septemba 2023, ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 799, na kampuni iliyoiunda ikaweka bei ya kubadilisha kioo chake, kwa mteja asiye na bima, kuwa dola 279. Yaani zaidi ya theluthi ya bei ya simu nzima, katika nchi yenye maduka ya fahari, sheria za kila namna na mawakili wa kuzitetea. Aliyedaiwa 120,000 kwa simu ya 350,000 amedaiwa takriban theluthi ile ile. Tofauti iko kwa mlipaji. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025, na nyongeza hiyo ilipokewa kwa furaha iliyostahiki. Lakini mtumishi huyo akiangusha simu yake siku ya mshahara, karibu robo ya mshahara imekwenda na kipande chembamba cha kioo, na yule aliyeajiriwa dukani au jikoni kwa watu, ambaye kima chake hakifiki hapo, hana hata pa kuanzia hesabu. Ughali ni wa kweli, basi, na anayeulilia halii bure. Ninachobisha ni kwamba ameukosea mlango.

Waliotutangulia walikuwa na cherehani na redio, na fundi wa enzi hiyo alikuwa na uhuru ambao fundi wa leo ameporwa: mkanda wa cherehani ukikatika, alikata mwingine katika ngozi, valvu ya redio ikiungua, aliichomoa kwa vidole akachomeka mpya, kipuri kikikosekana mjini, alikaa chini na tupa akakichonga mwenyewe, na kifaa kikaendelea kurithiwa na watoto wa mwenye nacho. Simu janja imeundwa kwa nia iliyo kinyume kabisa cha hiyo. Kioo cha juu, na tabaka linalohisi kidole ambalo mafundi huliita tachi, na skrini inayotoa nuru, ambavyo katika simu nyingi za mwanzo vilikuwa vitu mbalimbali, siku hizi vimegandishwa kwa gundi angavu vikawa kitu kimoja, ili simu ipate wembamba na rangi zake zipate kung'aa. Na taksiri ya uzuri huo ni kwamba ufa uliopita juu ya kioo peke yake, ilhali skrini iliyo chini yake ni nzima na tachi inaitikia, humlazimu mwenye simu kununua vyote upya. Betri nayo, ambayo zamani tuliitoa kwa ukucha, imebandikwa ndani kama kitu kisichotarajiwa kuchoka, ingawa walioiunda wanajua fika kwamba betri ya lithiamu huanza kupungua nguvu tangu siku ya kwanza ya kazi.

Wapo mafundi, na hapa Dar es Salaam wapo, wanaothubutu kukibandua kioo cha juu peke yake: huilaza simu juu ya sahani ya moto mpaka gundi ilainike, wakapitisha waya mwembamba kuliko unywele katikati ya kioo na skrini, wakasafisha masalia, wakabandika kioo kipya na kukigandisha chini ya mwanga wa buluu. Kazi hiyo gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kubadilisha vyote, na ni sanaa inayostahili kusifiwa. Lakini waya ukikengeuka kidogo tu, skrini imekufa, na hapo ndipo panapozuka ugomvi wa hasara ni ya nani. Fundi mwenye busara hukataa kazi hiyo, au huikubali kwa sharti la "ikifa, imekufa", na mteja mwenye busara naye hulikimbia sharti hilo. Hivyo hofu ya pande mbili huifanya kazi nafuu iwe adimu, na ile ya ghali kuwa ndiyo kaida.

Fauka ya gundi, yamezuka makufuli yasiyoonekana kwa macho. Kuanzia iPhone 11 ya mwaka 2019, simu iliyotiwa kioo kisichotambuliwa na mfumo wa kampuni humwonyesha mwenyewe onyo kwamba kioo hicho hakikuthibitika kuwa cha asili; na mwaka 2021, ilipotoka iPhone 13, kubadilisha kioo kulizima utambuzi wa uso, mpaka zilipopigwa kelele na kampuni ikalegeza. Mafundi wa mitaani walijibu kwa ustadi ambao mimi, nisiyeweza kushika bisibisi ndogo bila kutetemeka, nauonea wivu: walijifunza kuhamisha kijichipu kutoka kioo cha zamani hadi kipya, chini ya hadubini, kwa ncha ya moto iliyo nyembamba kama sindano. Lakini ustadi huo nao una bei, na bei hiyo huongezwa juu ya bei ya kioo, na mteja akauhesabu kuwa ni unyang'anyi mwingine.

Wenye kampuni wana hoja yao, nami sipendi kuificha. Husema kwamba kipuri kinachojuana na simu yake hakina faida kwa mwizi. Na kila mkazi wa jiji hili aliyewahi kunyakuliwa simu na waliopakizana juu ya pikipiki anajua kwamba simu iliyofungwa, isiyouzika ikiwa nzima, hufumuliwa usiku ikauzwa vipande vipande asubuhi. Hoja hiyo ina haki ndani yake. Lakini kufuli linalomzuia mwizi na mwenye mali kwa pamoja, kisha ufunguo wake ukawekwa kwa muuzaji peke yake, limekwisha kuvuka mpaka wa ulinzi likaingia katika mipaka ya biashara. Na tangu kampuni hiyo hiyo ianze, mwaka 2022, kuwauzia Wamarekani vipuri na zana za kujitengenezea simu zao, imedhihirika kwamba ufunguo unaweza kutolewa mahali ambapo sheria imeanza kubisha hodi.

Hayo ndiyo matetezi yangu. Sasa na twende Mtaa wa Aggrey, mchana, jua likiwa utosini, penye meza ya kioo ambayo juu yake pamelala simu kumi na kadhaa zilizofunuliwa matumbo. Mama mmoja wa makamo, mtandio wake umefungwa vizuri na kapu la sokoni limewekwa katikati ya miguu, anatoa simu iliyofungwa ndani ya leso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hii. Kioo chake bei gani?"

Fundi anaigeuza, anasoma jina la simu nyuma, anabonyeza, anasikiliza mtetemo. "Kipo cha laki na ishirini, na kipo cha elfu sitini na tano. Vyote vizuri."

"Tofauti yake nini?"

"Hicho cha juu ni orijino, mama. Na hiki pia ni orijino, ila cha kampuni nyingine."

"Orijino mbili?" anauliza mama. Fundi anacheka kidogo, anapuliza vumbi lililo juu ya meza, na swali halijibiwi. Mama anakitafakari kikapu chake, kisha anachagua kile cha elfu sitini na tano, kama ambavyo wengi wetu tungechagua.

Kazi yenyewe, ukiitazama, inapendeza. Kijana analeta kioo ndani ya boksi la karatasi. Fundi anapitisha hewa ya moto ya bloa pembezoni mwa simu, anachomeka kadi ya plastiki aliyoichonga ncha, anaizungusha taratibu huku gundi ikilia. Kabla hajagusa kitu kingine anachomoa kichwa cha betri, na kwa ishara hiyo utajua amefundishwa na mtu aliyejua. Anaunga kioo kipya kabla ya kukibandika, anawasha, anakiburuta kialama kimoja kwa kidole kutoka kona hadi kona ili kuona kama tachi ina pengo. Ndipo anaposafisha kingo kwa mswaki uliolowa spiriti, akazungusha gundi ya B-7000, akakilaza kioo mahali pake, na kuifunga simu kwa rababendi nne ishike mpaka ikauke. Mikono ile haikumdhulumu mama yule hata kidogo. Uliomdhulumu ni ule ulimi uliosema orijino mbili.

Hilo ndilo shtaka langu, na nalitamka bila kuumauma maneno: kosa la soko letu la matengenezo si ukubwa wa bei, bali ni siri ya kitu kinacholipiwa. Vioo vinavyouzwa kwa simu moja ni vya daraja nyingi. Kipo kilichotoka kwa muundaji wa simu yenyewe. Kipo kilichochomolewa katika simu nyingine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, ambacho ni cha asili lakini kina umri. Kipo cha OLED kilichoundwa na kiwanda kingine, chema au kibaya. Na kipo kile cha rakhisi kuliko vyote, ambacho ni skrini ya LCD iliyotiwa umbo la kuingia mahali pa OLED. Hiki cha mwisho huwaka dukani kikapendeza, kwa kuwa chini ya kivuli cha duka kila kioo hupendeza. Mteja akifika nje, saa saba za mchana, anakuta haoni jina la aliyempigia. Betri iliyokuwa ikifika usiku sasa inaomba chaji alasiri, kwa sababu taa ya LCD huwaka nyuma ya skrini yote hata penye weusi. Na ikiwa simu ilikuwa ya aina ile inayosoma alama ya kidole chini ya kioo, kidole hakisomwi tena, na mama wa watu anarudi kuandika namba ya siri ya pesa zake mbele ya kadamnasi ya daladala. Hakuna hata moja kati ya hayo aliloambiwa alipokuwa akichagua.

Laiti angaliambiwa, pengine angalikichagua kile kile cha elfu sitini na tano, maana mfuko una sheria zake; na mimi siwadharau wanunuao kopi, mradi wajue kuwa wamenunua kopi. Ubaya wa siri hii ni kwamba inamla fundi mwaminifu kabla ya kumla mteja. Fundi anayesema kwa insafu, "Hiki ni kopi, mwanga wake hafifu, na kidole hakitafanya kazi," humpoteza mteja huyo kwa jirani yake wa meza ya pili, ambaye kwa kioo kile kile, kilichotoka boksi lile lile, husema ni orijino na hupunguza elfu tano. Mwezi ukipita, mkweli hana kodi ya meza. Na mara nyingine fundi mwenyewe ni mhadaiwa, kwa kuwa boksi alilouziwa limepigwa chapa ya kampuni kubwa kwa mashine ya kupigia chapa chochote, naye hana chombo cha kulipima isipokuwa macho na mazoea.

Ipo na senti nyingine inayopotea kimya kimya, nayo ni kile kioo kilichopasuka. Mteja hukiacha juu ya meza akidhani ni takataka. Ikiwa ni cha OLED cha asili na skrini yake ya ndani ni nzima, kina thamani, kwani wapo wanunuzi wa vioo vilivyopasuka katika biashara ya simu ya dunia nzima, nao huvipeleka kubanduliwa kioo cha juu na kubandikwa kipya, vikarudi sokoni vikiwa na bei ya kujivunia. Sisemi fundi asipewe. Nasema bei itajwe: ama mteja aondoke nacho, ama apunguziwe kwa sababu yake. Dasturi hiyo wenye magari wameijua zamani, hata hakuna dereva wa teksi asiyedai kipuri chake kikuukuu afungiwe kwenye gazeti.

Na namba ya siri, je? Fundi huiomba ili aijaribu simu, na mteja humpa kama ampavyo daktari mkono wake, akiiacha simu hadi jioni pamoja na picha za wanawe, barua zake, na akaunti ya pesa za mkononi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na makusudio yake ni mema. Lakini haijafika Mtaa wa Aggrey, wala sijaona nani ataifikisha. Mafundi wengi ni watu wa staha, wasiofungua wasichoitiwa. Amana isiyo na shahidi, hata hivyo, humtegemea mwaminiwa peke yake.

Kabla sijafika kwa watawala, nikumbushe jambo moja ambalo hunichoma kila nipitapo barabara ya bandarini. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, inayotiwa katika betri za simu, huchimbwa Congo, na hasa Lualaba, kandokando ya Kolwezi, ambako wachimbaji huitana na kugombana na kuimba kwa Kiswahili chao. Na shehena zake nyingi huvuka Zambia zikaja kupakiwa melini hapa hapa Dar es Salaam, zikapita mbele yetu kwenye malori zikielekea China. Zikirudi, zimekuwa betri iliyogundishwa ndani ya simu, na sisi ambao ardhi yetu na bandari yetu vimeihudumia safari nzima ndio tunaoambiwa kwamba betri hiyo haibadiliki, nunua simu nyingine. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme mwaka 2022, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Kila simu inayotupwa kwa sababu kioo chake kimekuwa ghali ni kijiko kimoja zaidi juu ya mlima huo.

Nasikia ikisemwa kwamba serikali haiwezi kusimamia kitu kidogo kama kioo cha simu katika mtaa wenye maelfu ya meza. Siamini. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafuata Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozikatia mawasiliano simu zote ambazo namba zake za utambulisho hazikuwa halali, na watu wakaamka asubuhi simu zao zimekuwa vioo vya kujitazamia. Serikali yenye uwezo wa kuinyamazisha simu iliyo mfukoni mwa mkulima wa Ludewa inao uwezo wa kumtaka mwagizaji wa Kariakoo aandike juu ya boksi kilichomo ndani ya boksi. Hahitajiki askari kwenye kila meza, maana waagizaji si maelfu; mizigo yao hupita katika milango michache ya forodha, na hapo ndipo Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani, ambayo tangu sheria ya mwaka 2003 ina wajibu wa kumlinda mlaji, wanaweza kusimama na kusoma.

Wenzetu wa Ulaya wametangulia, tena kwa hatua ndefu. Ufaransa, kuanzia Januari 2021, ilimlazimisha muuzaji kubandika kwenye simu alama, kati ya kumi, zinazoonyesha wepesi wa kuitengeneza. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya inayoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya sharti vipuri vyake vikuu vipatikane kwa miaka 7 baada ya kusimama kuuzwa, mafundi wasio wa kampuni waweze kuviagiza, na bei zake zitangazwe hadharani. Ndiyo kusema kampuni zile zile zinazotuuzia sisi simu zimekwisha kuandika orodha ya bei za vioo vyao kwa ajili ya wasomaji wa Paris na Berlin. Na zile ambazo soko lao kubwa ni Afrika, kama Tecno, Infinix na itel, zote za Transsion ya Shenzhen, hazina udhuru wa kusema hazitujui. Zimeijua ngozi yetu hata kamera zao zikatungwa kwa ajili yake, basi na mifuko yetu zaweza kuijua.

Peke yake, Tanzania ni soko dogo mbele ya kampuni hizo, nami nakiri hofu kwamba ikiamrishwa sheria Dodoma tu, mzigo utashushwa Mombasa ukaingia kwa njia nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 8 na watu zaidi ya milioni 300, ina ushuru mmoja wa forodha kwa bidhaa za nje, na huwa tunaambiwa kwenye sherehe kuwa umoja huu ni kwa manufaa ya mwananchi wa kawaida. Mwananchi wa kawaida amepasukiwa kioo. Kanuni moja ya kurasa chache, ikisema kwamba asiyeleta vipuri kwa mafundi wote kwa bei iliyotangazwa hataleta simu, ingesikika Shenzhen haraka kuliko hotuba.

Watatokea wa kuniambia kwamba hayo yote yataongeza bei: mwagizaji akilazimishwa kuandika daraja, kopi itadharauliwa, orijino itapanda, na maskini atabaki na simu yake iliyopasuka. Huenda ikawa hivyo kwa muda. Lakini maskini ndiye anayenunua kioo mara mbili, mara ya kwanza kopi aliyodhani ni orijino, na mara ya pili baada ya miezi michache kopi hiyo ilipoanza kujibonyeza yenyewe usiku; na kopi iliyoandikwa kopi haitaweza tena kuuzwa kwa laki moja.

Gumu zaidi ni kumpata fundi akubali karatasi. Namtaka aandike stakabadhi yenye mistari minne: kioo ni cha daraja gani na bei yake, ujira wake ni kiasi gani, dhamana ni ya siku ngapi, na kioo cha zamani kimekwenda na nani. Ataniambia, na nimekwisha kuambiwa, kwamba karatasi ni shahidi wa Mamlaka ya Mapato, na kwamba siku atakapoanza kuandika ndiyo siku atakayoanza kutafutwa. Hofu hiyo haina utovu wa akili ndani yake. Kwa hiyo ningependa wale wanaotunga bajeti wafikirie kumwachia fundi wa meza moja kodi ya ujira wake kwa miaka michache, kwa sharti la stakabadhi hizo tu, na fidia yake waitafute kwa waagizaji, ambao stakabadhi za mafundi, zikikusanywa, zitawaeleza wakaguzi ni vioo vingapi vimeuzwa mjini na ni vingapi vilivyotajwa bandarini.